Herufi za Edna

Hakuna mtu mjini Sunderland aliyeandika neno mama mara nyingi kama Lorraine Purvis, na wala hakuliandika kwa kalamu. Aliliandika kwa maua. Kwa miaka thelathini na moja duka lake lilikuwa palepale, kati ya kinyozi na duka la samaki na chipsi, na karibu kila mama aliyefariki upande wa kaskazini wa mto alipita mikononi mwake kwa herufi tatu: M, A, M. Huko kusini wanasema MUM na kuandika hivyo. Kwa hiyo mteja akipiga simu kutoka mbali, Lorraine alikuwa akiuliza kwanza, maana aliwahi kuona pande la mtu, mpakuzi wa mizigo bandarini, akilia kama mtoto kando ya jeneza kwa sababu duka jingine lilimwandikia mama yake kwa namna ya kusini. Alisema anaona kama wanamzika mama wa mtu mwingine.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unachukua fremu ya herufi yenye sifongo la kijani, unailoweka kwenye ndoo hadi inywe ishibe, kisha unachomeka vichwa vya maua meupe kimoja kimoja, vikibanana mpaka sifongo lisionekane. Ukimaliza unazungushia utepe. M inakula maua mengi na inaumiza mgongo. Siku ya maziko herufi zinasimamishwa ndani ya gari la jeneza, ubavuni, dirishani, ili mtaa mzima usome marehemu alikuwa nani kwa nani. Ndivyo wanavyozikana watu wa pale, na asiyewekewa neno huonekana kama hakuwa na mtu.

Lorraine alizijua familia kwa maneno yao. Bibi wa mitaa ya bandarini alikuwa NANA, bibi wa mitaa yenye bustani alikuwa GRANDMA. Baba aliyependwa aliandikwa DAD, na aliyeogopwa alipelekewa shada la mviringo tu, limekwisha hilo. Shangazi waliandikwa, hata wale ambao hawakuwa na tone la damu, majirani tu walioitwa shangazi kwa kuwa walikuwa na ufunguo wa mlango wa nyuma. Lakini neno moja halijawahi kuagizwa hata mara moja: mama wa kambo. Kwa Kiingereza lina herufi kumi, na hakuna gari la jeneza lenye ubavu wa kulibeba. Mteja akija akijikanyaga ulimi, akisema huyu marehemu alikuwa, unajua, mke wa pili wa baba, Lorraine alikuwa na jibu lake tayari.

“Weka jina lake tu, kipenzi. Au moyo. Moyo haumuudhi mtu.”

Watu hawa, kusema kweli, ni wachoyo wa maneno ya undugu. Mjomba na baba mdogo kwao ni neno moja, shangazi na mama mdogo neno moja, na watoto wa hao wote wanatupwa kwenye kapu moja la mabinamu. Lakini mtu akiingia nyumbani kwa mlango wa ndoa ya pili, hapo neno hawakosi, wanamtafutia la kumbandika mgongoni. Hata mtoto mliyechangia naye baba wanampima kwa nusu, kama mkate. Lorraine alikuwa na ndugu nusu wawili, na mwezi ule wa Machi mmoja wao alimpigia simu dukani.

“Lorraine, ni Gill. Una nafasi?”

“Nina ndoo sita za maua na miguu miwili. Sema.”

Ilikuwa wiki ya kuelekea Jumapili ya Akina Mama, wiki ambayo muuza maua hali chakula akakijua ladha. Lorraine alikuwa na miaka hamsini na minane na alikuwa amechoka, si uchovu ule wa kulala ukaamka umekwisha. Huu uliamka naye.

“Ni maua ya Mam,” Gillian alisema. “Mimi na Craig tunataka zile herufi. MAM, nyeupe, na mawaridi kidogo pembeni, alipenda mawaridi. Na watoto wangu wanataka NANA.”

“Sawa.”

“Kwenye kadi uandike, kutoka kwa Gillian na Craig.”

“Sawa.”

Gillian akaongeza, “Na wewe utajitengenezea lako, si ndiyo? Chochote unachoona kinafaa.”

“Nitajitengenezea.”

Gillian hakuwa na nia mbaya. Aliishi Reading, karibu kabisa na London, alikuwa na kazi ya mikutano na sauti iliyokwisha kupoteza lafudhi ya nyumbani, na alikuwa amefiwa. Lakini Lorraine alipokata simu alisimama na mkasi mkononi, asijue alikuwa anataka kukata nini. Ijumaa wangemzika Edna. Yeye, aliyewachagulia maneno watu nusu ya mji, hakuwa na neno la kumwekea mwanamke aliyemlea.

Mama yake mzazi, Joan, alikufa Lorraine akiwa na miaka sita. Mwaka uliofuata baba yake, Norman, fundi wa kuunganisha vyuma kwenye kiwanda cha meli, alimleta Edna nyumbani na begi moja la kahawia. Akawasimamisha jikoni wakitazamana, mtoto na mgeni, kama watu wanaotaka kuuziana kitu.

“Huyu ni Edna,” Norman alisema. “Utamwita Edna. Mam wako unaye, yuko makaburini. Hapa ndani hakuna mwingine wa jina hilo. Tumeelewana?”

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Edna naye akaitikia kwa kichwa.

“Edna inatosha,” alisema. “Ndilo jina langu, halijawahi kuniuma.”

Ikawa hivyo. Akazaliwa Gillian, akazaliwa Craig, na wote wawili wakamwita Mam tangu walipoweza kufumbua kinywa. Meza ikawa ile ile, birika lile lile, mkate wa nyama ule ule uliokatwa sawa kwa sawa, maana Edna alikata kwa kupima na macho yake yalikuwa mizani. Wawili walisema, Mam, niongezee chai. Mmoja alisema, Edna, niongezee chai. Na chai iliongezwa. Waswahili wamekwisha sema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, lakini Norman hakuwa Mswahili, na alikuwa mtu wa neno moja likitoka halirudi.

Alipokufa alizikwa kwa Joan, kaburi moja, kama alivyolipia zamani. Jiwe lilikuwa limejaa: Joan, mke wa Norman, mama wa Lorraine, na chini yake Norman mwenyewe. Edna hakuachiwa nafasi hata ya herufi, na hakulalamika. Kila Jumapili ya Akina Mama alikwenda na Lorraine makaburini. Alibeba kopo, akalijaza maji bombani, akalileta mpaka kwenye njia ya kokoto, kisha akarudi bombani na kusimama huko, mkoba mkononi, mpaka Lorraine amalize kumpangia mama yake maua. Miaka hamsini na moja alisimama pale. Siku za mvua alisimama na mwavuli.

Na muuza maua huyu, aliyewauzia watoto wa mji mzima maua ya mama zao, alimpa Edna nini? Mabaki. Kila Jumatatu baada ya sikukuu alipita kwake na kilichosalia kwenye ndoo, shina limepinda, petali zimeanza kuchoka kingo, akasema, “Haya ningeyatupa, nikaona bora nikuletee.” Jumapili asingethubutu. Jumapili ilikuwa ya Gillian na Craig, waliotuma shada kwa gari la usafirishaji. Edna alipokea mabaki kwa mikono miwili, akayatia kwenye chombo chake cha kioo cha buluu, akakiweka dirishani upande wa barabarani. Shada la kutumwa liliwekwa jikoni. Lorraine aliliona hilo kila mwaka, na hakujiuliza kwa nini.

Kisha Edna akaanza kuweka chumvi kwenye chai, na kutoka nje na viatu vya ndani. Lorraine ndiye aliyemtafutia nafasi kwenye nyumba ya kulelea wazee, mwendo wa dakika saba kutoka dukani, na ndiye aliyekaa na kujaza fomu. Fomu iliuliza jamaa wa karibu kabisa ni nani, wa kupigiwa simu kwanza. Lorraine alishika kalamu akaiangalia ile nafasi tupu. Akaandika jina la Gillian, na namba ya simu ya Reading. Chini yake, palipoulizwa mwenye kujaza ana uhusiano gani na mzee, akaandika mtoto wa kambo. Aliona vibaya kujipandisha. Alihisi kama mtu aliyekaribishwa sebuleni akaenda kujitandaza kwenye kiti cha mwenye nyumba. Hakuna aliyemlazimisha, na hakuna aliyemwambia angekosea kuandika vingine. Ni heshima tu, ile heshima ya Kiingereza ya kujipunguza kabla hujapunguzwa.

Miaka minne alikwenda kule kila siku saa kumi jioni, na kila Jumapili ya Akina Mama alimtoa wakaenda makaburini kama zamani, Edna na kopo lake. Jumanne ya wiki iliyotangulia maziko, siku aliyokufa Edna, walezi walimpigia Gillian saa saba na nusu mchana. Gillian alikuwa mkutanoni. Aliiona simu saa tisa, akampigia Craig aliyeko Aberdeen kwenye meli za mafuta, Craig akampigia Lorraine saa tisa na ushei. Lorraine alitoka mbio na aproni yake, lakini Edna alikuwa amekwisha kukata roho, saa tisa kasoro dakika kumi. Muda wote huo Lorraine alikuwa dakika saba kutoka pale, anakata tepe.

Majuto ni mjukuu, lakini haya hayakungoja kuzeeka. Jumatano ya wiki ya maziko mlezi mmoja wa kule, Shauna, msichana wa mitaa ile ile mwenye nywele zilizopakwa rangi ya zambarau, alikuja dukani na mfuko wa vitu vya marehemu. Kulikuwa na viatu vya ndani, sweta, na kile chombo cha buluu kilichofungwa kwenye taulo.

“Samahani, Lorraine. Ningekuja mapema ila hizi zamu zinatumaliza.”

“Keti, kipenzi. Sukari ngapi?”

“Mbili. Weka tatu, sijala.” Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akazungusha kikombe mikononi. “Kuna kitu. Sijui niseme au ninyamaze.”

“Umeshaanza.”

“Siku ile, tangu saa saba alikuwa anakuulizia. Alikuwa na akili zake kabisa, zilimrudi. Yuko wapi Lorraine wetu? Mwiteni Lorraine wetu. Hivyo hivyo, tena na tena. Nikamwambia dada wa zamu, jamani, Lorraine mwenyewe si yule wa maua hapo chini? Akafungua faili. Akasema wa kupigiwa ni Gillian, huyu ni mtoto wa kambo, tusianze kumsumbua mtu. Na mimi nikanyamaza. Kusema ukweli, sisi tulikuwa tunajua unakuja kwa wema tu. Nilikuwa nawaambia wenzangu, huyu mama ana moyo, kila siku na si wake.” Macho yakamjaa. “Nani aliiandika ile fomu, lakini?”

“Mimi,” Lorraine alisema. “Kunywa chai, inapoa.”

Shauna alipoondoka Lorraine aligeuza kibao cha mlangoni kiseme pamefungwa, mchana kweupe, wiki ya Jumapili ya Akina Mama. Akakaa kwenye ile ndoo. Akalia kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda, maana kila alipoipeleka ilimrudia yeye.

Lorraine wetu. Alikuwa amelisikia tangu ana miaka saba, na watu wa kaskazini wakisikia hivyo hawageuki hata shingo, ni kama kusikia mlango ukifungwa. Mama wa pale humwita mwanawe hivyo, na dada humwita kaka yake hivyo: Craig wetu kachelewa, Gillian wetu kafaulu. Mtoto wa jirani huwezi kumwita wetu hata umlishe miaka kumi. Nyumbani kwa Norman walikuwa watatu, na Edna aliwaita wote watatu hivyo, ngazini, uani, dirishani, mbele ya mwalimu, mbele ya Norman mwenyewe. Norman alipiga marufuku neno moja. Hili jingine, dogo, lisiloandikwa kwenye jiwe wala kwenye fomu, halikumpitia akilini, na Edna alilipitisha chini ya pua yake kila siku ya Mungu mpaka akamzika. Na Lorraine hakulirudisha hata mara moja. Alisema Edna, kavu, kama mtu anayesoma jina kwenye bahasha.

Alhamisi alitengeneza herufi za watu. MAM ya Gillian na Craig aliifanya vizuri kuliko alivyowahi kumfanyia mtu, mawaridi yakiwa pembeni tu, yasilimeze neno. Akafanya NANA. Kisha akashusha fremu nyingine tatu kutoka rafuni, M, A, M, akazilaza mezani zikiwa tupu, akaziangalia. Hapakuwa na wa kumkataza. Norman alikuwa mifupa. Lakini alipojaribu kulisema kwa sauti, peke yake dukani, ulimi ulikwama, na akajua Edna mwenyewe angeshtuka, angegeuka aone ni nani anayeitwa. Kumwita mtu jina ambalo hukumwita akiwa hai ni kumvisha nguo ya kuazima siku ya maziko yake. Akazirudisha M mbili rafuni. Ile A akaibakiza.

Akatafuta O, akatafuta U na R. Akatafuta E, D na N. Kwa ajili ya herufi hizi hakugusa maua meupe ya kazi ya kila siku. Alichukua yale aliyoyaweka pembeni kwa wateja wa Jumamosi, wale wanaolipa bila kuuliza, akayakata vichwa yote. Mgongo ulimuuma na vidole vilimganda kwa maji. Alipomaliza, kwenye meza kulikuwa na maneno mawili ambayo hakuna aliyewahi kumwagiza: OUR EDNA. Edna wetu.

Msafara wa Ijumaa ulianzia mbele ya duka, kwa kuwa nyumba ya zamani ilikwisha kuuzwa. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Bwana Ridley, mwenye kampuni ya mazishi, aliyefanya kazi na Lorraine miaka yote hiyo, alikuwa amekwisha kupanga gari: MAM ubavu wa kulia, NANA ubavu wa kushoto. Akaziangalia zile herufi saba, kofia yake ndefu mkononi.

“Hili nalo, Lorraine? Ubavu umeisha.”

“Weka popote. Nyuma huko.”

“Nyuma halisomeki.”

“Si neno, Ridley. Weka tu.”

Gari la kwanza nyuma ya jeneza ni la wenyewe, wafiwa wa damu. Hilo halihitaji kusemwa, kila mtu pale anajua, na watu wamewahi kununiana miaka ishirini kwa kukosea mlango. Craig alikuwa amekwisha kuingia, na mume wa Gillian, na watoto wao wawili. Lorraine alikwenda kusimama karibu na gari la pili, pamoja na binamu fulani na mke wa binamu. Alikuwa ameshika mpini wa mlango Gillian alipotoka nyuma ya gari la jeneza.

“Nani kaandika lile?”

“Mimi.”

“Edna wetu,” Gillian alisoma, kana kwamba anaonja. “Hakuna aliyekuwa anamwita hivyo.”

“Najua.”

“Wewe ulikuwa unamwita Edna tu. Mimi nilikuwa nakuonea wivu, mtoto unamwita mtu mzima kwa jina lake na hupigwi.” Kidevu kikaanza kumcheza. “Lorraine, kwa nini uliandika jina langu kwenye ile fomu?”

“Wewe ndiye mwanawe.”

“Mimi niko Reading!” Sauti ilimpanda, na lafudhi ya nyumbani ikarudi nayo yote. “Mwendo wa saa tano kwa gari! Nilikuwa kwenye mkutano wa kipuuzi, simu iko kwenye mkoba. Wewe ulikuwa hapo chini. Hapo! Mam kafa kashikwa mkono na mtu wa zamu, na mimi sikuwepo na wewe hukuwepo, kwa sababu wewe ulitaka kuwa na adabu!”

Binamu na mke wa binamu wakatazama viatu vyao. Ilikuwa kweli yote.

“Aliniulizia,” alisema. “Tangu saa saba.”

“Angemuulizia nani mwingine? Mimi miaka miwili alikuwa ananiita dada yake.” Gillian akafuta pua kwa mgongo wa glavu. Akaenda ubavuni mwa gari, akamwambia Ridley afungue, akatoa ile kadi kwenye MAM, akaanza kutafuta kalamu kwenye mkoba. “Ngoja nikuandike. Gillian, Craig na—”

“Acha, Gill.” Lorraine akamshika mkono. “Hilo ni lenu. Mimi nina langu.”

Gillian akairudisha kadi mahali pake. Kisha akamgeukia Ridley. “Toa hilo la watoto uliweke juu ya jeneza, hawatajali. Hili la Lorraine likae ubavuni. Watu walisome.”

Ridley alivaa kofia akafanya kazi yake. Lorraine alikuwa amerudi kwenye mpini wa gari la pili pale Craig alipotoa kichwa dirishani, pua nyekundu, tai imepinda.

“Lorraine wetu! Unafanya nini huko? Ingia bwana, tunaganda!”

Alikuwa akimwita hivyo tangu anajifunza kutembea. Lorraine alikwenda akaingia gari la kwanza, akakaa kwenye kile kiti cha kukunjua, magoti yake yakigusana na ya Gillian.

Jumamosi alisimama kutwa, akauza mpaka majani. Kila aliyeingia alisema nasikia umefiwa na mama wa kambo, pole, na lile shada la pale ni bei gani? Kila mmoja alinyoosha kidole kwenye shada moja kubwa lililowekwa juu ya rafu, nyuma ya kaunta, tangu alfajiri kabla duka halijafunguliwa. Lilikuwa bora kuliko yote yaliyoingia wiki ile.

“Hilo lina mwenyewe,” Lorraine alikuwa akijibu.

Jumapili alikwenda makaburini peke yake. Kopo alilibeba mwenyewe na maji akayachota mwenyewe, na ndipo alipojua kwamba lile bomba ni gumu kufungua, linataka mikono miwili na nguvu, jambo ambalo kwa miaka hamsini na moja hakuambiwa. Akampangia mama yake maua yake, akafuta jiwe. Kisha akainuka kwa taabu na, kwa mazoea, akageuka kumwonyesha mtu wa bombani kwamba amemaliza.

Mwili wa Edna ulichomwa Ijumaa ile ile, kama wafanyavyo wengi kule, na majivu yake yalikuwa bado kwa Ridley. Hakuwa na kaburi wala jiwe. Lorraine alirudi kwa njia ya kokoto mpaka bombani, akatoa kile chombo cha buluu kwenye mfuko, akakijaza, akatia lile shada kubwa, akakiweka chini, mahali pale ambapo zege limelika kidogo na mtu anaweza kusimama bila kulowa miguu.

Mwanamke mmoja alikuwa nyuma yake akingoja maji, kopo mkononi.

“Mazuri hayo, kipenzi,” alisema. “Ila umeyaacha bombani. Hapa hajalala mtu.”

“Najua,” Lorraine alisema. “Ndipo anaponisubiri Edna wetu.”

Akamfungulia yule mwanamke bomba, kwa mikono miwili, akaenda zake. Ilikuwa Jumapili, na maua hayakuwa mabaki.